Kelele za jirani wa ghorofa ya juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaoishi kwenye maghorofa ya Dar es Salaam: Kariakoo, Upanga, Sinza, Magomeni na kwingineko. Majibu mengi yanawafaa pia wa Mombasa, Nairobi au Arusha, kwa sababu zege ni lile lile. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kelele nyingi za juu huletwa na namna jengo lilivyojengwa kuliko ubaya wa mtu, na dawa yake iko sakafuni kwa jirani. Dari yako haiwezi kukusaidia sana. Ndiyo maana kupatana na jirani ndiyo njia fupi, hata kama leo umeamka umemkasirikia.

Mbona nasikia kila hatua anayopiga, lakini akizungumza simsikii?

Ni kelele za aina mbili. Sauti ya mtu, redio au mtoto anayelia husafiri hewani. Ikifika kwenye sakafu ya zege inakutana na uzito mkubwa: slabu ya sentimita 15, unene wa kawaida kwenye maghorofa yetu, ina kilo 360 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Hewa haina nguvu ya kuutikisa uzito huo vya kutosha, basi sauti nyingi inabaki juu.

Kisigino, mguu wa kiti au mchi ni habari nyingine. Hivyo vinaigonga slabu yenyewe moja kwa moja. Zege linatetemeka, mtetemo unapita kwenye slabu, unaingia kwenye bimu, nguzo na kuta, kisha dari na kuta zako zinautoa chumbani kama ngozi ya ngoma. Vigae vikiwa vimebandikwa juu ya zege bila tabaka lolote laini katikati, hakuna cha kupunguza kishindo. Na kwa kuwa mtetemo unasambaa kwenye jengo zima, wakati mwingine anayekusumbua si yule aliye juu ya kichwa chako. Anaweza kuwa wa ghorofa mbili juu, au wa upande wa pili. Hakikisha kwanza kabla hujapanda kugonga mlango wa mtu.

Kwa nini watu wanalalamikia jambo hili sana siku hizi? Wazee wetu hawakuwa na majirani?

Walikuwa nao, tena chumba kwa chumba. Lakini nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba vitatu kila upande wa korido na uani kwa nyuma, sakafu yake imekaa juu ya ardhi. Mwanamke akitwanga uani, kishindo kinaishia mchangani. Mtoto akiruka kitandani, chini yake hakuna mtu. Tuna vizazi vya watu waliolelewa hivyo, na sasa tunahamia juu. Magomeni Kota ni mfano mzuri: familia zilizokaa kwa miaka mingi kwenye nyumba za chini zilirudi mwaka 2022 kwenye maghorofa yenye makazi ya kaya 644. Tabia za uani zimepanda ngazi pamoja na masufuria.

Nalisema hili ili kukusaidia kumwelewa jirani. Mtu ambaye hajawahi kuishi chini ya mtu mwingine hana namna ya kujua kwamba stuli yake inasikika.

Je, anafanya makusudi?

Mara nyingi hapana. Wapo wachache wanaofanya makusudi, na kwa kawaida walianza baada ya ugomvi. Kabla ya hapo walikuwa wanaishi tu.

Nianzeje kumwambia bila kuharibu ujirani?

Usipande usiku ule ule wa kelele. Ukipanda saa tano usiku na kanga ya kulalia, macho mekundu, unachopeleka ni hasira, na atakachokumbuka ni hasira hiyo. Subiri kesho yake jioni, au Jumamosi alasiri. Kama hamjawahi kusalimiana, salamu iwe ndiyo safari ya kwanza, na malalamiko yasubiri siku nyingine. Mwanamume asiende peke yake kugonga kwa mwanamke aliye peke yake. Aende na mke wake, dada yake au jirani mwingine wanayemwamini wote wawili.

Ukifika, taja jambo moja, mahali na saa. "Mna kelele sana" humfanya mtu ajitetee. Jaribu hivi:

"Hodi! Shikamoo mama. Mimi ni jirani yenu wa chini, mama Neema. Samahani kwa kuwaingilia jioni hii. Najua pengine hamjui, maana mimi mwenyewe nisingejua: viti vya mezani vikiburuzwa baada ya saa nne usiku, chini inasikika yote, na chumba kile analala mtoto. Nilikuwa naomba tusaidiane."

Kisha nyamaza umsikilize. Huenda naye ana lake, pengine moshi wa jiko lako la mkaa unampandia dirishani kila jioni. Mpe nafasi aseme, na wewe rekebisha lako kwanza.

Jambo lenye nguvu kuliko maneno yote ni kumkaribisha ashuke asikie. Nimeona likifanyika Upanga. Baba mmoja alikuwa anakana kabisa, anasema nyumba yake haina hata watoto. Akashuka, akapewa kiti na glasi ya juisi, na mkewe juu akaendelea na shughuli zake za jikoni kama kawaida. Kiti kikavutwa. Yule baba akainua uso kutazama dari, akatoa simu na kumpigia mkewe palepale: "Usivute, inua." Hakuna aliyehitaji kumwambia neno jingine.

Nimekwenda, na amenijibu vibaya. Au hafungui mlango kabisa.

Mpe wiki moja au mbili. Watu wengi hujibu vibaya mlangoni kwa sababu wameona aibu, halafu wanapunguza kelele kimyakimya. Kama hakuna mabadiliko, tafuta mtu wa katikati: mzee anayeheshimika kwenye jengo, kiongozi wa kamati ya wakazi, au mtu anayesali naye. Barua fupi yenye heshima nayo inafaa kwa asiyefungua mlango. Iandike kwa mkono, taja jambo moja tu, na uweke namba yako ya simu.

Wakati huo huo anza kuandika kumbukumbu kwenye daftari: tarehe, saa, aina ya kelele, muda iliodumu. Utazihitaji kama jambo litafika mbele, na zitakusaidia hata wewe kuona kama kelele ni kila siku au ni Ijumaa na Jumamosi tu.

Je, nikiandika kwenye kundi la WhatsApp la jengo?

Usianzie huko. Mtu akilaumiwa mbele ya familia thelathini atatetea heshima yake, na suala la kiti litasahaulika. Kundi linafaa kwa jambo la wote, kwa mfano kukubaliana saa za utulivu.

Jirani anatwanga kila alfajiri, saa kumi na moja. Nifanyeje?

Kinu ndicho kifaa kigumu kuliko vyote vya nyumbani kwa jirani wa chini, kwa sababu kila pigo linashuka wima kwenye slabu. Habari njema ni kwamba kinatibika. Anayetwanga alfajiri mara nyingi anafanya biashara ya chakula au anawahi kazini, kwa hiyo kumwambia aache ni kugusa riziki yake. Zungumzeni kuhusu mahali na kinachowekwa chini.

Mahali kwanza. Slabu hutetemeka zaidi katikati ya chumba, na kidogo tu pembeni palipo na bimu na nguzo. Kinu kikihamishwa kutoka katikati ya jiko hadi kwenye kona yenye nguzo, kishindo kinapungua. Kisha chini yake kiwekwe kipande kinene cha mpira wa tairi, na juu ya mpira gunia lililokunjwa mara nne. Sponji peke yake haifai, kinu kitayumba na mtu ataumia. Kile kinu kidogo cha vitunguu saumu na pilipili manga kinaweza kupakatwa mapajani juu ya taulo lililokunjwa, na hapo jirani wa chini hasikii kitu.

Kama jengo lina ua wa chini, kutwanga kwa kazi kubwa kufanyike huko, na kamati iruhusu. Na siku hizi kisamvu kilichokwisha kusagwa kinauzwa masokoni. Kwa anayepika cha familia tu, hilo linamaliza kesi.

Cherehani inafuata kanuni hizo hizo. Fundi anayeshona nyumbani aisogeze ukutani karibu na nguzo, aweke vipande vya mpira chini ya miguu ya meza, na ajiwekee saa ya kusimama usiku. Nimewaona mafundi wakikubali mara moja, kwa sababu mpira huo huo unaituliza mashine isitambae ikiwa kasi.

Watoto wao wanakimbia hadi saa tano usiku. Mtoto wa mtu nitamkatazaje?

Humkatazi, unazungumza na wazazi. Na hapa niseme ukweli usiopendeza: kishindo cha mtoto anayekimbia ni kizito na cha chini, na zulia linakipunguza kidogo tu. Zulia linafaa sana kwa kelele kali kama viatu, vitu vinavyoanguka na viti, lakini "dum dum dum" ya visigino inapita. Kinachosaidia ni saa na chumba. Waombe mchezo wa mbio uishe saa tatu, na baada ya hapo wacheze chumba ambacho hakiko juu ya kile unacholala.

Mtoto wa miaka miwili haelewi makubaliano ya watu wazima. Kwa huyo inahitajika subira, naye atakua. Mjue kwa jina, msalimie kwenye ngazi. Kishindo cha mtoto unayemjua hakichomi kama cha mtoto usiyemjua. Nimeishuhudia sana hali hiyo, kwa hiyo ushauri huu natoa kwa moyo wote.

Sabufa je?

Sabufa inakaa kati ya aina zote mbili za kelele. Besi inapita hewani na pia inatikisa sakafu, hasa boksi lenyewe likiwa limekaa juu ya vigae. Mwombe aliinue, aliweke juu ya kipande cha godoro kuukuu au mpira mnene, alitoe kwenye kona, maana kona inakuza besi, na ikifika saa nne apunguze besi badala ya kuzima muziki wote. Ombi la kupunguza besi hukubaliwa kuliko ombi la kuzima.

Usiku wa manane nasikia maji, ndoo na pampu. Wanafanya nini saa hiyo?

Wanakinga maji. Kwenye mitaa yenye mgao, maji yakitoka saa nane usiku watu huamka saa nane usiku, wanajaza mapipa na kufua. Hapo jirani hana kosa. Ongeeni kama jengo kuhusu tangi la pamoja lenye kujaa lenyewe, ili watu walale.

Pampu ikitetemesha ukuta, fundi aifunge juu ya vipande vya mpira na aunganishe mabomba kwa kipande cha mpira kinachopinda badala ya bomba gumu. Ukisikia pigo kali ukutani kila mtu anapofunga koki, ni maji yaliyokuwa yanakwenda kasi na kusimamishwa ghafla, na bomba halijashikiliwa vizuri. Fundi bomba akikaza klempu na kupunguza presha, pigo linatulia. Hiyo ni kazi ya mwenye jengo. Ndoo za chuma na madumu yanayokokotwa ndiyo pekee ya kumwomba jirani: ainue, asiburuze.

Ramadhani watu wanaamka kula daku, na kuna sherehe na misiba. Je, nayo ni ya kulalamikia?

Daku ni mwezi mmoja kwa mwaka. Anayehitaji kulala, pengine kwa sababu ya zamu ya usiku au mgonjwa ndani, anaweza kuongea na jirani kabla mwezi haujaandama, waelewane kuhusu viti na vyombo tu. Wengi watakusikiliza, kwani kumchunga jirani ni sehemu ya dini yao.

Sherehe ina heshima yake: anayeifanya awaambie wa chini na wa pembeni siku kadhaa kabla, ataje saa ya kumaliza na aitimize. Jirani aliyepewa taarifa, na sahani ya pilau ikamshukia, huvumilia mengi.

Msiba haulalamikiwi. Ukisikia vilio na watu wengi wakiingia juu, vaa, panda, toa pole na rambirambi, uliza kama wanahitaji viti au sehemu ya kulaza wageni. Mambo ya kelele hayana nafasi siku hizo.

Fundi ameniambia nibandike trei za mayai darini. Zinafanya kazi?

Hapana. Trei za mayai, na hata zile sponji zenye vinundu, hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba chako. Kuzuia kishindo kinachotoka juu haziwezi, kwa kuwa hazina uzito na zimegusana na dari inayotetemeka. Zaidi ya hapo karatasi hiyo inashika moto haraka. Usitumie hela yako huko.

Dari ya jipsamu ya kawaida, iliyoning'inizwa kwa waya au kupigiliwa kwenye fremu iliyokaza kwenye slabu, inapendeza macho lakini inasaidia kidogo. Ili izuie kelele kweli inahitaji mambo matatu kwa pamoja: viningʼinizio vyenye mpira ili fremu isigusane na zege moja kwa moja, pamba ya mawe kwenye uwazi, na jipsamu ya tabaka mbili yenye kingo zilizozibwa kwa gundi laini. Utapoteza sentimita 10 hadi 15 za urefu wa chumba, na gharama yake ni kubwa. Hata hapo, mtetemo ulioshuka kwenye kuta na nguzo bado utakufikia. Mpangaji asiingie gharama hiyo. Kwa hela kidogo sana kuliko hizo unaweza kumnunulia jirani vipira vya viti vyake vyote na zulia la sebuleni, ukapata nafuu kubwa zaidi. Najua inauma kumnunulia vitu mtu anayekukosesha usingizi. Lakini inafanya kazi.

Na kugonga dari kwa mpini wa ufagio?

Usifanye. Hajui unalalamikia nini, wengine wa pembeni wanasikia pigo lako, na kesho ukienda kuongea tayari wewe ni mgomvi.

Yote hayo ni ya kesho. Usiku wa leo nitalalaje?

Hamisha kitanda kwanza. Kama kichwa kiko kwenye ukuta wenye nguzo, geuza, na uache upenyo kidogo kati ya kitanda na ukuta. Kama kuna chumba kingine ambacho juu yake ni bafu au stoo isiyotumika usiku, lala huko.

Feni ni msaada mkubwa. Mvumo wake ulio sawasawa hufunika kelele ndogondogo, hivyo ubongo haushtuki kila kitu kinapogonga. Kinachoamsha watu ni mshtuko wa sauti inayojitokeza ghafla kwenye ukimya. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 1999 ilipendekeza kelele chumbani mwa kulala zisizidi desibeli 30 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wastani, na kelele ya ghafla isizidi 45.

Vizibo vya masikio vya sponji vinapatikana kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya usalama kazini. Wengi wanavivaa vibaya. Kisokote kizibo kiwe chembamba, inua sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole mpaka kivimbe. Kinapunguza sana sauti kali, ila vishindo vizito kinavipunguza kidogo tu. Kiwe kisafi, usimvalishe mtoto mdogo, na mwenye sikio linalotoa usaha asivae bila kumwona daktari. Mzazi wa kichanga au anayemuuguza mtu usiku abakie na feni, maana lazima asikie anapoitwa.

Kama umekaa wiki nyingi bila usingizi, unasinzia kazini, presha inapanda au unajikuta unalia, nenda hospitali ukaseme. Kukosa usingizi kwa sababu ya kelele ni jambo la kiafya.

Nimepima kwa programu ya simu, inaonyesha desibeli 52. Ni ushahidi?

Ni kumbukumbu nzuri kwa daftari lako, si ushahidi wa kitaalamu. Maikrofoni za simu hazijasawazishwa kwa kazi hiyo, na kishindo cha nusu sekunde kinaweza kuipita programu. Itumie kulinganisha: kabla ya zulia na baada ya zulia, simu ile ile, mahali pale pale. Ongezeko la desibeli 10 masikioni mwa watu ni kama sauti kuwa kubwa mara mbili, hivyo tofauti ya namba chache si ndogo kama inavyoonekana.

Sheria inasemaje? Nimpeleke wapi?

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira namba 20 ya 2004 inakataza kelele zinazozidi viwango, na mwaka 2015 zilitungwa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo. NEMC, taasisi ya serikali ya mazingira, ndiyo yenye usimamizi, na nguvu zake zimeonekana zaidi kwenye baa, kumbi, viwanda na nyumba za ibada. Kwa jirani anayeburuza viti, anza chini: mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa kwa mwenyekiti au mtendaji, halafu baraza la kata, ambalo kazi yake hasa ni kusuluhisha. Nenda na daftari lako, na jirani mwingine anayesikia kelele hizo hizo. Polisi waite kwa vurugu, vitisho au ngoma ya usiku kucha isiyo na idhini.

Kama nyumba zenu zina hati za sehemu ya jengo, Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo namba 16 ya 2008 inawapa wamiliki chama chao na uwezo wa kuweka kanuni. Itumieni. Saa za utulivu, siku za ukarabati, muda wa kutumia jenereta, vyote viandikwe. Kanuni iliyobandikwa ukutani karibu na lifti inamwokoa kila mtu na aibu ya kugonga mlango.

Kenya, kanuni za kelele na mitetemo za 2009 zilizo chini ya sheria ya mazingira ya 1999 zimetaja namba: ndani ya makazi ni desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Msimamizi ni NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko. Wamiliki wa fleti nao wana sheria yao ya umiliki wa sehemu ya 2020.

Mwenye nyumba ana wajibu gani?

Inategemea nani anamiliki juu. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaweka ndani ya mkataba wa pango ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa naye wala na wanaopata haki kupitia kwake. Kama jengo zima ni lake, una pa kusimamia: mwandikie na ubaki na nakala. Kama ghorofa ya juu ni ya mmiliki mwingine, wako anaweza kuongea na mwenzake tu, na mara nyingi wanafahamiana. Dalali aliyekupatia nyumba hana kazi hapa.

Ninachosikia ni mtu anapigwa, au mtoto analia kila siku. Nifanyeje?

Hilo halipo kwenye ukurasa wa kelele. Usisubiri, na usiseme ni mambo ya ndani ya nyumba ya watu. Tanzania piga 112 kwa polisi, au 116 kama anayeumizwa ni mtoto, au nenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya 116 ni ya watoto pia, na 1195 ni ya ukatili wa kijinsia. Usiende kumkabili mtu huyo peke yako. Ukipata nafasi ya kukutana na anayeumizwa kwenye ngazi, mwambie kwa sauti ya chini kwamba mlango wako uko wazi saa yoyote.

Mimi ndiye wa juu, na wa chini analalamika. Nimechoka kunyata nyumbani kwangu.

Pole. Huhitaji kunyata. Anza na viti: kata ndala kuukuu vipande vidogo, vibandike kwa gundi ya viatu chini ya kila mguu wa kiti, meza na stuli. Ndani ya saa moja kazi imekwisha, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mitalawanda ya kuogea, kama bado unaitumia, ibadilishe na ndala za mpira. Viatu vya visigino vuliwe mlangoni. Zulia lenye sponji chini yake liwekwe sehemu ya kupita watu, kwa sababu mkeka mtupu hausaidii. Milango inayobamizwa na upepo iwekewe kizuizi cha mpira.

Ukishafanya hayo, shuka umwambie ulichofanya na umuulize kimebaki nini. Kama bado analalamikia hatua za kawaida za mchana, hapo amefika mwisho wa haki yake, na unaweza kumwambia kwa upole. Kutembea ndani kwako mchana si kosa.

Natafuta nyumba mpya. Nichunguze nini kabla sijalipa kodi ya miezi sita?

Nenda mara mbili, na mara moja iwe usiku kati ya saa mbili na saa nne, watu wakiwa wamerudi. Asubuhi ya Jumanne kila jengo ni tulivu. Kaa kimya chumbani dakika kumi na simu mfukoni. Tazama kama juu ya chumba chako cha kulala kuna jiko au chumba cha kulala, na wapi mabomba yanapita. Uliza mlinzi nani anakaa juu na wanafanya kazi gani, walinzi wanajua. Muulize mpangaji wa pembeni kama wa mwisho alihama kwa sababu gani.

Ghorofa ya mwisho haina mtu juu yake, lakini ina joto la paa, tangi na pampu, na siku umeme ukikatika utapanda kwa miguu. Ukiipenda, omba pampu iwashwe ukiwa umesimama chumbani.